Mizunguko Mitano kwa Giaboksi ya Kuazima

Walisema sitamaliza hata mzunguko mmoja. Fundi Masinde, mkubwa wetu katika gereji niliyofanyia kazi Kitale, alisema mtu aliyesomea gari ubaoni analijua gari kama mtu aliyesomea ng'ombe pichani anavyojua kukamua. Walisema nitavunja giaboksi, na kweli nikaivunja. Walisema diploma niliyokuja nayo kutoka India itafaa kufungia mandazi. Walisema hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeniazima giaboksi nyingine, na hapo ndipo walipokosea, ingawa mpaka leo sina hakika kama Simiyu alikuwa na akili timamu Jumamosi ile. Ninayaandika haya bila hasira. Hasira ni mzigo, na magoti yangu hayataki mizigo tena. Nimekuwa fundi kwa zaidi ya miaka thelathini, nina gereji mbili Bungoma nilizozijenga bila msaada wa mjomba wala mbunge, nimefundisha vijana ambao leo wanafungua injini kutoka Misikhu hadi mpakani, na bado nikikaa peke yangu ninachokumbuka si gereji. Ninakumbuka mizunguko mitano kwenye shamba lililovunwa, upande wa Endebess, na mlio wa giaboksi ambayo haikuwa yangu.

Mwezi uliopita tulimzika Simiyu kwao Sirisia. Alikuwa bakoki wangu, yaani tulitahiriwa mwaka mmoja, Agosti moja, na kwetu Wabukusu watu wa namna hiyo hutaniana bila kipimo na hawanyimani kitu. Nilipewa dakika tano za kusema. Nilisema alikuwa mchapa kazi, kwamba maziwa aliyouza maisha yake yote hayakuonja maji, kwamba wajane na mayatima wanamjua. Habari za giaboksi sikuzisema. Mhubiri alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki, nikaletewa wali, nyama ya mfupa na soda vuguvugu, na nikiwa ninatafuna taratibu kwa upande wenye meno nikasikia vijana wawili nyuma yangu.

"Ati huyu mzee wa koti ndio alikuwa anakimbiza gari za mashindano?"

"Nani, huyu? Wacha bana. Si umeona hata kuketi ameshikwa mkono?"

"Baba anasema alikuwa moto."

"Labda moto ya mkokoteni."

Nilitaka kugeuka niwaambie muda wangu, dakika na sekunde zake, lakini shingo yangu siku hizi haigeuki mpaka mwili mzima uende nayo. Nikaacha. Nikamaliza nyama. Nikasema moyoni nitaandika, kwa sababu kalamu haihitaji shingo.

Nilirudi nchini mwishoni mwa miaka ya themanini baada ya miaka mitatu ya chuo cha ufundi India. Katika somo la mitambo ya gia nilikuwa wa kwanza darasani. Cheti kipo, anayetaka aje akione. Nilidhani Kitale nzima itasimama. Kitale haikusimama. Nilipata kazi katika gereji ya Bwana Gurdial, Kalasinga mzee aliyekaa siku nzima kwenye kiti cha lori kilichong'olewa, kilemba chake kikiwa safi kuliko kitu kingine chochote pale, na nikapewa ovaroli ya mtu aliyeacha kazi, yenye jina lake kifuani. Chumba nilipanga Bondeni, nyuma ya msikiti, kwa Mama Zuhura. Kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, dirisha lililotazama choo, na msumari mmoja tu ukutani. Kwenye msumari huo nilitundika diploma, na koti langu likakaa sakafuni. Ukuta kati yangu na jikoni kwa Mama Zuhura ulikuwa wa mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo nilikula harufu ya mahamri yake kabla sijanunua hata moja, na nikasikia kila alichosema na kaka yake Athumani, muadhini, walipokunywa chai ya tangawizi alasiri.

"Mpangaji wako huyu amesoma kweli?" Athumani aliuliza siku moja.

"Amesoma mpaka ng'ambo."

"Mbona soksi zake zinanuka hivi?"

"Hilo somo hawakufika."

Nilikuwa nimeketi kitandani, upande wa pili wa mbao, nikila ugali na omena. Nilitafuna polepole ili wasijue nipo. Mtu anaporudi nyumbani akiwa na karatasi ukutani na asiwe na kitu kingine, hutafuta haraka mahali pa kuonyesha kwamba karatasi ile ina miguu. Mimi nilipaona uani kwa Bwana Gurdial, juu ya mawe manne, chini ya turubai. Lilikuwa gari dogo jeupe la milango miwili, la Kijapani, ambalo yeye mwenyewe alilikimbiza zamani kabla mgongo haujamkataza.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, mwenye shamba moja kubwa upande wa Endebess aliwaachia wapenda mbio kipande cha ardhi mpaka wakati wa kulima. Walipanga mapipa na matairi makuukuu, wakapata mzunguko wa karibu kilomita moja na nusu. Kulikuwa na mstari mrefu kando ya mikaratusi, kona mbili zilizofuatana, mteremko, halafu kona ya mtoni iliyojikunja kama ndoano, kisha mwinuko wa kurudi mwanzo. Magari hayakushindana ubavu kwa ubavu. Kila gari liliingia peke yake, likapewa mizunguko mitano, na mzunguko wa kasi kuliko yote ndio ulioandikwa. Vumbi lake lilikuwa kama unga. Nilimwomba Bwana Gurdial gari lile nikaeleza kwa nusu saa mambo ya uzito, mvutano na uwiano wa gia. Alinisikiliza huku akila machungwa, akasema, "Chukua. Unaongea mingi, pengine gari itakunyamazisha."

Kila dereva wa kwetu anajua kwamba gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, njia ikiwa tope au vumbi, huwekewa gunia la mchanga kwenye buti ili lisimame imara. Mimi pia nilijua. Niliuona huo kuwa ujinga wa watu wa barabara. Kitabu changu kilisema uzito ni adui, nikaupiga vita. Nilitoa kiti cha nyuma, zulia, tairi la akiba, vioo vya milango. Sakafu ya buti nikaitoboa kwa drili matundu ya ukubwa wa kidole gumba, safu kwa safu, kazi safi ambayo ningeweza kumwonyesha mwalimu wangu yeyote. Masinde alikuja, akachungulia, akatia kidole kwenye tundu moja.

"Diploma, unatengeneza gari ama chujio?"

"Fundi, ngoja Jumapili."

"Nangoja. Sina haraka mimi. Nitakuja na kiti."

Na Jumapili ile ya Januari alikuja na kiti kweli, kigoda cha kukamulia. Akaketi karibu na kona ya mtoni. Nilipofika hapo mara ya kwanza gari liligeuka likaangalia lilikotoka. Nikalirudisha. Mzunguko wa pili likageuka tena. Wa tatu nilikuwa na hasira, nikataka kushuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili kwa nguvu ya mkono, na chini ya miguu yangu nikasikia sauti kama ya mtu anayetafuna changarawe. Meno ya gia yalikuwa yamekwisha. Tulivutwa na trekta ya shamba, ile tunayoiita tinga, gari na mimi ndani yake ningali na vumbi masikioni, na mtu mmoja miongoni mwa watazamaji akapiga kelele, "Diploma imeng'oka meno!" Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Masinde hakucheka. Alibeba kigoda chake akaondoka, na hilo liliuma zaidi. Bwana Gurdial aliangalia giaboksi iliyofunguliwa, akaokota jino moja la chuma, akalitia mfukoni mwa shati. "Gari bado iko," alisema. "Giaboksi nyingine sina. Tafuta. Lakini mara ingine ukienda na gari yangu, irudi kwa magurudumu yake, isirudi kwa kamba."

Ilibaki siku moja tu ya mbio, mwanzoni mwa Machi, kabla mwenye shamba hajalima. Simiyu alikuja chumbani kwangu juma lile la aibu. Wakati huo alikuwa anaishi Endebess, amekodi ekari tano, na alikuwa na pikapu aliyokusanyia maziwa ya majirani kila asubuhi na kuyaleta kwenye mtambo wa maziwa Kitale. Tuliketi kitandani, tukala chapati na ndengu kutoka kwa Mama Zuhura, sahani moja.

"Bakoki, ati siku hizi wewe unavutwa na kamba kama ng'ombe ya kuchinjwa?"

"Cheka umalize."

"Nimalize aje na umenipea kitu ya kucheka mpaka Krismasi?" Akachovya chapati. "Sikia. Pikapu yangu na hiyo gari ya Kalasinga ni ndugu. Giaboksi ni ile ile."

Nilijua anachotaka kusema, na nilijua nilipaswa kukataa.

"Na maziwa?" nikauliza.

"Jumapili mtambo haipokei. Naifungua Jumamosi nikishatoa maziwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nabeba tena. Hapo katikati ni yako."

"Nikiivunja?"

"Ukivunja, nyumba thelathini zinamwaga maziwa, na hakuna mtu atanipea tena hata kikombe. Mimi nitakuja kukaa kwa hii chumba. Nilale kwa kitanda, wewe ulale chini ya diploma."

"Hapa hakai mtu wa pili bila kulipa!" Mama Zuhura akasema kutoka upande wa pili wa mbao.

Giaboksi ya Simiyu ilikuwa imechoka. Gia ya pili haikukubali kuingia kwa mkono mmoja wa haraka. Kwa majuma kadhaa niliamka alfajiri nikaenda Endebess kubeba naye maziwa, mimi nikiwa kwenye usukani na yeye pembeni, mitungi ikigongana nyuma. "Usilazimishe," alikuwa akisema. "Kanyaga klachi, toa, weka katikati. Achilia. Piga mafuta kidogo injini iinue sauti. Kanyaga tena, sasa omba. Ni kama nyumba ya mkwe, bakoki. Hubishi hodi mara moja ukaingia. Hodi. Ngoja. Hodi." Mambo hayo niliyajua yote kwa mchoro. Ningeweza kuyaandika kwenye mtihani na kupata alama zote. Mguu wangu ndio haukujua, na mguu hausomi. Ulijifunza kwenye barabara ya Endebess, kila mteremko, Simiyu akisema hodi, hodi, mpaka siku moja aliponyamaza nikagundua kwamba amesinzia.

Jumamosi yenyewe tulianza kazi saa tano. Nilikuwa nimeazima kila kitu ambacho mtu anaweza kuazimwa. Betri ilikuwa ya kipaza sauti cha msikiti. Athumani alikubali kuadhini kwa koo lake siku mbili, ila Jumapili alasiri alitaka betri irudi kwa sababu mgeni angetoa mawaidha. Kofia ya chuma ilikuwa ya daktari wa ng'ombe aliyezunguka mashambani kwa pikipiki, na ilinuka kazi yake. Kiti cha gari kilikuwa bati tupu, basi Mama Zuhura akanipa mto wa kitanda chake mwenyewe, umetariziwa maua mekundu, akasema, "Urudi, mwanangu, na mto urudi. Mto kwanza." Pikapu ya Simiyu ilipandishwa juu ya mawe yale yale manne lilikokuwa gari. Ilikaa pale uani bila moyo wake, na kila nilipopita na spana niliiangalia upande. Simiyu aliondoka kidogo akarudi na mifuko miwili ya mbegu za mahindi begani, mbegu za ekari zake tano, zile zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Akaiweka ukutani, akalala chini ya gari kunielekezea mwanga wa jua kwa kioo. Jua halijazama tulikuwa tumemaliza. Masinde alizunguka gari mara mbili, akabonyeza buti kwa kiganja, akamtazama Simiyu, akaenda zake. Hilo sikulielewa siku ile.

Jumapili saa nne asubuhi waliniita. Nilifunga mkanda, nikauweka mto sawa, nikasikia moyo wangu ndani ya kofia. Mwenye bendera alikuwa mbele yangu, mwenye saa kando yake. Bendera iliposhuka niliachia klachi, gari likakaa chini nyuma kama mtu anayechuchumaa kubeba mzigo, likaenda. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu kando ya mikaratusi, miti ikageuka kuwa ukuta. Kona mbili za kwanza nilizipita kama nimezichora mimi. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, klachi, katikati, nikaachilia, nikapiga mafuta, klachi, na gia ya pili ikaingia laini kama kijiko kwenye uji. Kona ya mtoni gari lilijipinda kidogo tu, likashika ardhi, likatoka. Sikuamini. Nilipita mbele ya mwenye saa nikiwa ninacheka kwa sauti ndani ya kofia ya daktari wa ng'ombe. Mzunguko wa pili ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza. Nilisema, leo wataona mtu aliyesoma. Nilisikia mchakacho kama mvua juu ya bati, ila ulitoka chini na nyuma. Nilidhani ni changarawe.

Mzunguko wa tatu mkia ulianza kuwa mwepesi. Mtu anayeendesha kwa kasi hulijua gari lake kwa makalio kabla ya macho, na makalio yangu juu ya maua ya Mama Zuhura yaliniambia kuna kitu kimeondoka. Wa nne, kona ya mtoni, gari lilitupa mkia nje mpaka nikaona pipa la njano kupitia dirisha la pembeni, karibu kiasi cha kuligusa. Mkono wangu uliruka wenyewe kwenye mti wa gia, ukataka kulazimisha ya pili, na giaboksi ikalia. Haikuvunjika. Ililia tu, kilio kifupi, na katika kilio kile niliona pikapu juu ya mawe, mitungi thelathini imejaa kando ya njia, wenyewe wamesimama wakiangalia barabara. Nilitoa mkono. Nikaliacha gari lipite pipa kwa neema yake, nikapanda mwinuko polepole kwa gia ya tatu.

Ningeweza kutoka hapo. Muda wangu mzuri ulikuwa umeshaandikwa. Lakini nilikuwa nimeshapita mbele ya bendera, na mzunguko wa tano ulikuwa mbele yangu, na gari sasa lilikuwa lile lile la Januari, jepesi, lenye mkia wa mbuzi, lililonizungusha mara mbili. Nikaliendesha hilo. Nilikanyaga breki mapema kuliko kitabu kinavyosema. Nilianza kupinda kabla ya kona kupinda. Kwenye mteremko nilijisikia nikisema kwa sauti, hodi, nikangoja, injini ikainua sauti yake, hodi, na ya pili ikakubali. Mkia ulipotaka kwenda niliufuata kwa usukani kidogo tu, kama unavyomfuata mlevi unayempenda, bila kumshika, na ukarudi wenyewe. Kona ya mtoni ilipita. Nilipofika mwisho sikuwa ninacheka.

"Dakika moja, sekunde thelathini na nane," mwenye saa alinisomea. "Huo ni mzunguko wa pili. Wa mwisho, sekunde tatu zaidi." Nilikuwa wa kwanza kati ya magari madogo. Watu wale wale walioshika magoti Januari walipiga makofi, na nilikuwa nimeanza kuwainulia mkono niliposikia Masinde. Alikuwa anatembea kutoka kona ya mtoni, kigoda mkono mmoja, kiganja cha pili kimefunguliwa. Kiganjani kulikuwa na punje za mahindi, rangi ya waridi.

"Diploma," alisema. "Gari yako inataga."

Nilifungua buti. Mifuko miwili ya karatasi ilikuwa imelala humo, imechanwa na ncha za bolti nilizoziacha nilipong'oa kiti cha nyuma, na kati ya mifuko hiyo na ardhi yalikuwepo matundu yangu, safu kwa safu. Hazikubaki hata punje za kujaza kikombe. Simiyu alisimama kando yangu akikuna shingo.

"Bakoki, gari yako Januari ilicheza matako kama bibi harusi. Nikasema niiwekee kitu ya kukalisha chini."

"Si ungeweka mchanga!"

"Mchanga ungepita kwa hayo matundu yako. Mbegu iko kwa mfuko, nikaona itashika."

Sitajipamba. Mtu aliyezika rafiki hana haja ya kujipamba. Nilimwambia, mbele ya Masinde na mwenye saa na wote waliokuwa karibu, kwamba ameniibia. Kwamba mzunguko wa pili ulikuwa wangu na sasa si wangu tena. Simiyu aligeuka. Aliangalia shamba lote lile, mikaratusi, mapipa, vumbi lililokuwa bado linashuka.

"Mimi nimekuibia?" alisema. "Bakoki. Hiyo hapo chini ni ekari tano."

Masinde ndiye aliyeinama kwanza. Aliweka kigoda chini, akachuchumaa, akaanza kuokota. Halafu Simiyu. Halafu mimi, na kofia ya daktari wa ng'ombe ikawa chombo changu. Tinga ya kulima ilikuwa inakuja Jumatatu, na betri ilingojwa alasiri, kwa hiyo tulikuwa na saa tatu. Mzunguko nilioumaliza kwa dakika moja na nusu niliutembea kwa magoti, punje kwa punje. Ndipo nilipouona. Palipokuwa na breki, mbegu zilikuwa nyingi, zimemwagika kwa mkupuo. Kwenye mstari mrefu zilikuwa chache, mbalimbali. Nyingine zilikuwa zimekanyagwa na magurudumu yangu mwenyewe zikazama vumbini, na hizo hatukuzipata. Mgongo ulianza kuniuma siku ile na, nikisema kweli, haujaacha. Saa saba tulikuwa na kiasi cha mfuko mmoja. Mmoja ukabaki ardhini.

Gari lilirudi Kitale kwa magurudumu yake. Betri ilifika msikitini Athumani akiwa tayari mlangoni. Kofia niliifuta vumbi nikaipeleka. Mto ulirudi kwanza, kama nilivyoagizwa, na Mama Zuhura akaunusa, akaupiga mara tatu ukutani, akaniwekea chai bila kuuliza kitu. Giaboksi tuliirudisha mahali pake, mimi, Simiyu na Masinde, tukipokezana spana kwa ishara za mikono, na jua lilikuwa bado juu ya paa la gereji pikapu iliposhushwa mawe. Bwana Gurdial aliingia ndani yake, akaweka gia zote moja baada ya nyingine, akasikiliza. Kisha akatoa lile jino la chuma mfukoni, akanipa. "Hii ni yako," alisema. Jumatatu saa mbili asubuhi nilisimama kando ya barabara nikaona maziwa yakipita. Simiyu alipiga honi. Hakusimama.

Alipanda ekari mbili na nusu. Nyingine alizilima akaziacha wazi, nyeusi, mvua ikazinyeshea bure. Nilijaribu kusema naye akajibu kwamba bakoki hadaiwi, na alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. Mwisho wa Aprili nilipopata mshahara nilinunua mfuko mmoja wa mbegu, nikaubeba begani kutoka dukani mpaka alipoegesha pikapu, nikautupa nyuma kati ya mitungi mitupu.

"Hii ni nini?"

"Si deni," nikamwambia. "Ni mbegu."

Aliusogeza usianguke, akapanda akawasha gari. Nikapanda pembeni yake, tukaenda Endebess. Alipofika kwenye lile shamba kubwa alikata kona, akasimamisha pikapu karibu na mto. Tinga ilikuwa imelima kila mahali isipokuwa kona ile, kwa sababu ardhi ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Na pale, katikati ya majani machanga, yalikuwa yameota mahindi. Hayakuwa na safu. Yalikuwa yameota kwa mkunjo, yamefuata alama za magurudumu, kimo cha shubiri, yakiingia kona, yakipinda, yakitoka.

Simiyu alishuka akatembea kando yake, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Hapa ulikanyaga breki," alisema akionyesha kichaka kizima. "Hapa ulijiona. Hapa ulishtuka. Ona ulivyoenda kwa pipa, bakoki, wewe ungekufa." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Kisha akafika upande wa ndani wa kona, mahali palipokuwa na alama mbili za magurudumu, laini, zilizopinda vizuri kuliko zote, na ndani yake hakukuwa na kitu. "Na hapa?"

"Huo ni wa tano. Mifuko ilikuwa imekwisha."

Alisimama akatazama ule udongo mtupu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mahindi.

"Kumbe hapa ulikuwa peke yako," alisema.

Tulikwenda shambani kwake tukauteremsha mfuko. Aliubeba mwenyewe mpaka ghalani, akatoka akipangusa mikono, akaniambia nipande gari, jioni inaingia na wenye mitungi wanaingoja irudi. Siku ile hapakuwa na mtu yeyote Kitale wala Endebess niliyekuwa na kitu chake. Nilidhani nitajisikia mkubwa. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mifupa, mtamu kiasi, na kabla hatujafika barabara kubwa kichwa changu kilikuwa kimeegemea mlango. Chini ya miguu yangu giaboksi ilikuwa inaimba. Tulipofika mteremko nilimsikia Simiyu, nikiwa nusu usingizini, akitoka gia ya tatu kwenda ya pili. Alibisha hodi mara mbili, ikamfungulia.